Jibu: Mustang ya 1965 ya paa la kukunja, ninunue?

Kaka, umeuliza kama Mustang ya 1965 ya paa la kukunja, ambayo muuzaji anaapa haina kutu hata chembe, inafaa kununuliwa. Rangi iache kwanza. Gari hili halina chasi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa kuwa halina paa la bati, nguvu yote iko sakafuni na kwenye vizingiti vya chini ya milango. Kutu ikila pale, gari linalegea katikati. Likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, fungua milango yote miwili, kisha ifunge. Ikigoma, au mwanya wake ukiwa umebana juu kuliko chini, aga uende zako.

Beba na jagi la maji. Mimina kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Zulia la ndani likilowa, kutu imetoboa bati chini ya matundu hayo; hapo kuna kuchomelea, tena si kwa siku moja. Mimi nilipuuza hilo, mwaka wa pili huu bado nalipa fundi.

Namba ya gari nayo uisome: baada ya herufi ya kiwanda ifuate 08, mfano 5F08C. Ukikuta 07, lilizaliwa na paa la bati, mtu kalikata.

Breki za mwaka huo zina chumba kimoja tu cha mafuta; kikivuja, magurudumu yote manne hayashiki. Funga pampu ya vyumba viwili kabla hujampakia shemeji. Turubai lisikuumize kichwa, jipya linapatikana.