Kabla Hujanunua Chujio, Yajue Kwanza Maji ya Kisima Chako

Nilipohamia Boko nikitokea Ilala, jambo la kwanza kunishinda lilikuwa sabuni. Mche niliokuwa nautumia wiki nzima uliisha kwa siku tatu, na nguo bado zilikauka zikiwa ngumu kama kadi. Shati jeupe la shule la mwanangu liligeuka rangi ya majivu kabla muhula haujaisha. Nikamsema dada anayenisaidia kazi, nikidhani hasuuzi vizuri. Nilimkosea, na nilimwomba radhi siku niliyofua mwenyewe nikapata shati lile lile la kijivu.

Maji yetu yanatoka kwenye bomba la jikoni kama ya mjini, ila chanzo chake ni kisima kirefu, pampu na tangi juu ya mnara. Nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar zinaishi hivyo. Hata wenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, walirudi visimani mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza.

Mtaani kila mtu anayaita “maji ya chumvi”, nami nikaita hivyo. Nikaenda dukani kuomba chujio la kutoa chumvi, nikauziwa lenye makopo matatu kwa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya ada. Kesho yake chai ilikuwa na utando ule ule juu, na ladha haikubadilika hata kidogo. Chujio la namna ile huzuia mchanga na tope, na likiwa na mkaa hupunguza harufu. Kitu kilichokwisha kuyeyuka ndani ya maji linakipitisha.

Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa na matatizo mawili yenye jina moja.

Tatizo la kwanza ni ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu. Ukanda wa Boko, Wazo na Kunduchi una mawe ya chokaa na matumbawe ya kale. Kiwanda cha saruji pale Wazo kinachimba mawe hayo hayo. Mvua ikipenya udongoni huchukua hewa ya ukaa, inakuwa na uchachu kidogo, kisha inalila jiwe polepole. Tunachovuta kwa pampu ni maji yenye jiwe ndani yake. Yakikutana na sabuni ya mche hutengeneza uji mweupe unaong'ang'ania nguo, beseni na nywele, na sabuni haianzi kutoa povu mpaka iumalize ugumu wote. Ukiyachemsha, lile jiwe linarudi kuwa jiwe kwenye jagi la umeme na kwenye koili ya hita ya bafuni. Fundi bomba aliponifungulia hita yangu, koili ilikuwa imevaa gamba nene kama ganda la yai. Moto ulikuwa unapasha gamba kwanza ndipo maji, na uniti zangu za umeme wa LUKU zilikuwa zinaishia humo.

La pili ni chumvi yenyewe, inayotoka baharini. Chini ya ardhi ya pwani maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni ya wataalamu inasema kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Sasa piga hesabu kinyume: pampu ikivuta mfululizo na kushusha maji kidogo tu, chumvi inapanda sana. Kwa hiyo kisima kilichokuwa kitamu miaka ya nyuma kinaweza kuharibika bila kosa la aliyekichimba. Mimi sasa navuta kwa saa chache asubuhi na chache jioni badala ya usiku kucha, na ningewasihi majirani wanaojaza maboza wafikirie hili kwa dhati. Tunakunywa chungu kimoja.

Kutofautisha si kazi. Kinga maji ya mvua kwenye chupa moja, ya kisima kwenye nyingine, weka kipande sawa cha sabuni ya mche, tikisa. Povu likiwa haba na maji yakiwa kama maziwa, una ugumu. Kisha onja. Ladha ya chumvi ni habari nyingine, na kuchemsha hakutaiondoa. Kunaizidisha, maana maji yanapungua na chumvi inabaki. Ukiweza, peleka chupa maabara ya maji upimiwe vyote pamoja na vimelea. Kisima kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kuwa na maji meupe kabisa na bado kikaleta kuhara.

Ukikuta ni ugumu peke yake, tulia. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha kiafya cha ugumu wa maji. Ni kero ya nyumba kuliko ya mwili. Fulia sabuni ya unga, ambayo haisumbuliwi sana kama ya mche, na suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Jagi lenye gamba litie siki na maji nusu kwa nusu, au maji ya limao, uache saa moja. Utaliona gamba linachemka vipovu na kuachia. Baada ya hapo suuza, chemsha maji mara moja, mwaga. Tafadhali, siki wala asidi ya chooni visikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu, na bafu zetu ni ndogo.

Zile mashine za kulainisha maji zinafaa kwa ugumu tu. Zinatoa kalsiamu na kuingiza sodiamu mahali pake, kwa hiyo kwa kisima chenye chumvi tayari utakuwa umelipa kuongezewa. Inayotoa chumvi ni ile inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana, nayo humwaga sehemu kubwa ya maji unayoiingizia. Kwa nyumba ya kawaida naona inatosha kuitumia kwa maji ya kunywa peke yake, hasa kama kuna mwenye presha au mtoto anayekorogewa maziwa ya unga.

Jikoni ndiko nilikopata nafuu kubwa. Maharage yaliyokuwa yakila mkaa saa nne hayakuwa mabaya. Kalsiamu hukaza ganda lake. Mama mkwe aliniambia, “Mwanangu, yaloweke na uyapike kwa maji ya mvua.” Yakaiva. Magadi kidogo nayo husaidia, ingawa hupunguza vitamini na mkono ukizidi ladha inaharibika.

Hivyo fedha ya chujio jingine niliitia kwenye mifereji ya bati. Kila milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa langu ni kama mita za mraba 100, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inaleta karibu lita 2,000, kasoro kidogo inayomwagika. Masika, Machi hadi Mei, tangi linajaa na kufurika. Vuli huleta nyongeza. Dakika za mwanzo za mvua naacha maji yamwagike nje, yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndiyo naelekeza bomba tangini. Ya kunywa bado nayachemsha. Mdomo wa tangi nimeufunga wavu wa mbu, kwa sababu mbu wa dengue, ugonjwa uliotusumbua Dar mwaka 2014 na 2019, hutaga kwenye maji safi yaliyotulia kama hayo.