Jibu: Kwa nini wenzako wanapinga makato ya SHIF

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wenzako ofisini wanapinga kukatwa 2.75% ya mshahara kwa ajili ya SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii wa Kenya, ilhali haohao huchanga mara moja mwenzao akilazwa, na utawaelezaje.

Usianze na huruma kwa maskini. Wengi huunga mkono kugawana gharama za matibabu wanapoiona hatari ikiwanyemelea wao wenyewe. Mwenye kazi ya kudumu na bima ya kampuni huiona kuwa hatari ya mama mboga na mtu wa boda. Basi waulize: kazi ikiisha, bima ya mwajiri itabaki na nani? Fungueni pamoja magrupu ya WhatsApp ya harambee za matibabu, bili za ICU, figo, saratani. Wangapi humo walikuwa na mshahara?

Ila wakisema hawaamini kama pesa zinafika hospitalini, usiwabishie. Mtu aweza kuogopa ugonjwa kwelikweli na bado akaukataa mfuko asiouamini. Ukichanganya hayo mawili utaonekana unatetea wizi.

Mimi nayaunga mkono makato haya, kwa sababu harambee humfaa mwenye jamaa wengi wa kumtumia M-Pesa. Mjane asiye na ukoo hana wa kumwitia mchango.