"Dada, naomba vitabu vya bure": jibu langu hili hapa

Jumanne usiku nimeshafunga duka, nimeshakula, nimenyoosha miguu, meseji ikaingia: "Dada mambo. Nakufuatilia sana. Naomba linki ya vitabu vya bure, hata mia mbili, mwaka huu nataka nisome sana niwe kama wewe."

Hapo kwenye "niwe kama wewe" nilitabasamu peke yangu, sitaficha. Ila hiyo "mia mbili" ikanichoma. Njaa hiyo naijua. Nimeiugua.

Kwa wageni wa hapa: nina steshenari Morogoro, jirani na chuo. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua za maombi ya kazi, nabana ripoti za wanafunzi. Jioni naandika riwaya zangu. Mwaka jana nilimaliza vitabu 41, ninaposema kumaliza namaanisha mpaka ukurasa wa mwisho, na vyote nilivisomea kwenye simu, kati ya mteja na mteja. Vya kulipia havikufika kumi. Naringa? Kidogo. Aliyeniona mwaka 2019 atanisamehe.

Mwaka huo niliona tangazo kwenye grupu: vitabu 3,000 kwa sh 5,000. Nikapiga hesabu, kitabu kimoja hakifiki hata shilingi mbili. Nilituma hela kabla sijamaliza kusoma tangazo. Nikaletewa linki ya folda, nikaanza kushusha. Bando la wiki likaisha siku hiyohiyo, nikaunga lingine. Usiku simu ikagoma: imejaa. Nikaanza kufuta vitu. Nikafuta na video za send-off ya mdogo wangu, nikidhani mtu mwingine anazo.

Hakuna aliyekuwa nazo. Mpaka leo tukikaa kwa mama, picha zikianza kuzunguka, mdogo wangu husema kwa upole kabisa, "Za send-off muulizeni dada. Yeye ana vitabu."

Na vitabu vyenyewe! Kitabu kimoja kilikuwemo mara nne kwa majina manne. Vingine ni picha za kurasa zilizopigwa upande, kidole gumba cha mpigaji kimetokeza pembeni, mstari wa mwisho umekatwa. Vilivyobaki karibu vyote vilikuwa vya kunifundisha utajiri kwa hatua saba, kumi au kumi na mbili. Kwa miaka miwili nilimaliza viwili. Kila nikifungua folda nilihisi usingizi, sawa na mtu aliyepakuliwa sinia la watu kumi akaambiwa ale peke yake. Ndiyo maana, mdogo wangu uliyeniandikia, sikutumii mia mbili. Nitakuelekeza pa kuchukua kimoja, ukimaliza urudi kuchukua kingine.

Aliyenitoa huko ni mwalimu mmoja mstaafu. Alikuja dukani na flashi, akaomba kurasa kama ishirini za kitabu cha zamani, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Karatasi zinatoka, na mimi nazisoma zikiwa bado za moto. Ilikuwa hadithi ya Mwalimu Goso, aliyekuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu, buyu likamwangukia akafa. Wanafunzi wake wanasema ni lazima tumpate aliyemuua. Wanaanza na upepo wa kusi, maana ndio uliovuma. Kusi anajitetea: ningekuwa na nguvu hivyo, kiambaza, yaani ukuta wa udongo, kingenizuia? Wanaenda kwa kiambaza, naye anasema, kama ni hodari, mbona panya ananitoboa? Panya anamtaja paka, na kesi inahama mlango hadi mlango mpaka inamfikia paa, yule mnyama wa porini, ambaye hana la kusema. Mteja mwingine alikuwa amesimama na vitambulisho vyake vya kutolewa kopi, namsikia kabisa anaguna, na mimi sijui kama nimo dukani.

"Mwalimu, hiki umekitoa wapi?" Nilimuuliza kwa sauti ya kumshuku, nadhani.

"Bure," akasema. "Na halali."

Kitabu ni *Swahili Tales*, hadithi alizozikusanya Edward Steere kwa wasimulizi wa Zanzibar na kuzichapisha London mwaka 1870. Picha za kurasa zake zipo kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Usiku ule nilikishusha, na sikushusha kingine mpaka nilipokimaliza. Kwa sisi tunaotaka kuandika au kutafsiri, na najua mnaonisoma wengi mmo humo, kitabu chenye lugha mbili zinazotazamana ni shule isiyo na ada. Funika upande wa Kiswahili kwa karatasi, tafsiri mwenyewe, kisha funua uone wazee wa Unguja walivyosema. Nilikuwa naaibika kila siku. Naaibika bado.

Halali kwa vipi? Hakimiliki ina mwisho. Kwa sheria yetu Tanzania, kwa kawaida ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Marekani, vitabu vya zamani vinahesabiwa miaka 95 tangu vilipochapishwa, na kila tarehe 1 Januari kundi jipya linafunguliwa. Hivyo ndivyo vinavyojaza Project Gutenberg, maktaba nyingine ya mtandaoni, ambako leo utakuta vitabu zaidi ya 70,000. Mwanzilishi wake, Michael Hart, alianza Julai 1971 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois: alipewa muda wa kutumia kompyuta ya chuo, akaketi akachapa Azimio la Uhuru la Marekani ili yeyote alichukue. Miaka mingi ya mwanzo aliendelea kuchapa kwa vidole vyake. Mimi nachapa barua kwa sh 1,000 ukurasa na mgongo unanilalamikia. Kwa hiyo huyo bwana, aliyefariki 2011, namheshimu kuliko matajiri wengi wa kompyuta.

Huko Gutenberg vingi ni vya Kiingereza, Kiswahili ni cha kutafuta kwa tochi. Ukitaka vitabu hivyohivyo vya zamani vikiwa vimepangwa vizuri, makosa ya uchapaji yamesafishwa, na kava la kupendeza, nenda Standard Ebooks. Vichache, lakini sijawahi kujuta. Ukiwa mtu wa kufua na kupika huku unasikiliza, LibriVox wana watu wa kujitolea wanaosoma vitabu kwa sauti tangu 2005, wengine wanasoma vizuri, wengine kama wanahesabu gunia za mahindi. Sikiliza dakika mbili kwanza.

Jambo moja la kiufundi na nitaliacha: kitabu kikiwa na faili za aina mbili, chukua EPUB, achana na PDF kama unasomea simu. EPUB hujipanga kufuata upana wa kioo chako, unakuza herufi bila kusukuma ukurasa kushoto na kulia. Riwaya ya EPUB isiyo na picha mara nyingi haifiki hata MB 1, wakati PDF ya kurasa zilizopigwa picha inaweza kula MB 40 za bando. Mimi nafungulia kwa ReadEra, app ya kusomea vitabu, haina matangazo.

Wenye watoto, African Storybook ina hadithi za bure za lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo. Mwanangu wa darasa la pili amezimaliza za wanyama, sasa ananisumbua nimwandikie nyingine. Vitabu vya kiada, kabla hujaja kunilipa nikutolee kopi, angalia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Naharibu biashara yangu kwa kusema hivyo, basi na iwe.

Sasa vya bei ya chini. Waandishi wanaojiuzia wenyewe kwenye Amazon, duka la mtandaoni, wakijiunga na mpango wa KDP Select wanaruhusiwa kutoa kitabu bure siku 5 katika kila siku 90. Ndiyo maana kitabu ulichokiona jana ni bure leo kina bei. Hujalogwa, muda umepita tu, na anaweza kukirudisha tena. Utaona pia bei ya dola 2.99 imejaa kila mahali. Mwandishi akiuza kati ya dola 2.99 na 9.99 anaweza kupata asilimia 70 ya bei, akishuka chini ya hapo anapata 35. Kwa hiyo kitabu cha senti 99 mara nyingi ni chambo cha mfululizo: cha kwanza rahisi, cha tano utalia. Sikulaumu ukinasa, mimi nimenasa mara mbili. BookBub wanatuma barua pepe za punguzo kila siku. Jiunge, lakini chagua aina mbili za vitabu, usitiki zote kama mimi nilivyofanya nikaanza kuamka na barua zinazonikumbusha 2019.

Na kabla ya kununua chochote, fungua kionjo. Wauzaji wengi wanakupa kurasa za mwanzo bure. Mimi nasoma kurasa tatu nikiwa nimesimama kaunta. Mteja akiingia na nikaudhika kwamba ameingia, nanunua. Sijapata kipimo kingine kinachonifaa kuliko hicho.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini Jumanne hiyohiyo, asubuhi, kabla ya meseji, alikuja kijana wa mwaka wa kwanza hivi, begi mgongoni. Akachomeka flashi. "Dada, nitolee hiki, kurasa 64, mbele na nyuma."

Nikafungua faili. Kava ni langu. Lile kava la mwanamke na ndoo nililolihangaikia usiku tatu. Chini, mahali pa jina langu, pamebandikwa mstatili mweupe wenye namba ya simu ya mtu nisiyemjua.

"Hiki umekipata wapi?"

"Kuna mtu anauza furushi, dada. Vitabu elfu tatu na kitu, sh 5,000 tu." Halafu, kwa moyo mweupe kabisa: "Ukitaka nakutumia hata sasa hivi."

Mikono ilipoa. Riwaya ile nimeiandika miezi kumi na minne, naiuza WhatsApp kwa sh 3,000, na walioinunua nawajua karibu wote kwa majina. Nilitaka kumfokea. Kilichonizuia ni rafu iliyokuwa nyuma yake, ripoti zimepangwa, na kati yake vitabu vizima vya wahadhiri nilivyotoa kopi nikavifunga kwa springi. Kila muhula ukifunguliwa natoa hivyo, ishirini, thelathini. Waliovitunga sijawahi kuwawaza hata siku moja. Na furushi la 2019 nililinunua mimi, kwa bei hiyohiyo, huenda na waandishi waliokuwamo humo walikuwa wanajulishana kwa uchungu kama huu.

Nikabonyeza, mashine ikaanza. Kurasa 64 kwa sh 100 ni sh 6,400. Alinipa noti ya elfu kumi, nikamrudishia 3,600. Amelipa zaidi ya mara mbili ya bei ya kitabu ili kupata kitabu cha wizi, na hela yote imeingia kwangu, na bado niliumia.

Kwa hiyo nisikilizeni, jamani, hasa ninyi mnaoniambia mnataka kuandika. Mnataka kesho watu wawanunue, leo mnasambaziana mafuriko ya PDF kwenye magrupu na kumshukuru aliyeyaleta kama kaleta sadaka. Halali ya bure ipo, nimewaonyesha, haimaliziki umri wote huu. Mwandishi wetu wa Kiswahili anayeuza kwa sh 2,000 au 3,000, mtumie hela yeye mwenyewe, kwa namba yake, na muombe risiti ya maneno mawili: asante, pokea. Soda mbili na chipsi zinazidi hapo. Na wenye steshenari wenzangu, vitabu vizima vya watu tuanze kukataa. Mimi nimeanza Jumatano. Nimeshapoteza wateja wawili, mmoja kanisonya.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, leo Jumamosi, yule kijana akaingia. Macho mekundu, hajalala.

"Dada, kile kitabu kimeishia pabaya. Huyu mwandishi ana sehemu ya pili?"

"Anayo. Elfu tatu."

"Kumbe unamfahamu!"

"Namfahamu."

Akakuna kichwa, akaangalia bei za kopi ukutani, akaniangalia mimi. "Ya bure haipo?"

Nikamtolea sura ya kwanza, kurasa tisa. Sura nimempa bure. Karatasi kalipa mia tisa.