Kabati la chini ya sinki: MDF au plaiwudi?

Dada wa Mikindani uliyeuliza kabati la chini ya sinki litengenezwe kwa ubao gani, achana na MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), hata fundi akikuahidi kuipaka rangi mara tatu. Maji na unyevu wa pwani huingilia kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu. Ubao unavimba kama mkate uliolowa, bawaba zinang'oka, na ukishavimba haurudi. Chukua plaiwudi (ubao wa tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa) ya milimita 18, yenye gundi isiyoachia ikilowa. Kagua ukingo wake dukani: tabaka zishikane, pasiwe na mapengo. Paka vanishi kingo zote kabla ya kuunganisha, kisha inua kabati kwa miguu ya sentimita 10 ili ukideki maji yasiliguse. Rafu ya sufuria isizidi sentimita 60 bila mhimili, itapinda. MDF inafaa kabati la nguo.