Kuku hakuyanywa yale maji

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, mzazi asiye mwalimu wala hana vifaa anaweza kumfundisha sayansi mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza?" Mimi naishi Nkuhungu, Dodoma, nauza vitenge, na fizikia niliachana nayo kidato cha pili. Nasema anaweza, mradi tu akubali kunyamaza.

Ilikuwa Agosti. Mnaoishi huku mnaijua Agosti yetu: mvua ilishakatika zamani, upepo unavuma kutwa, nguo zinakauka hujamaliza hata kusuuza nyingine. Nilimpa binti yangu wa miaka minne nusu kikombe cha maji achezee. Akayamimina kwenye sahani, akaiacha juani uani. Alasiri akaikuta kavu.

"Mama, kuku kanywa maji yangu!"

Neno mvuke lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikalimeza, nikamwuliza, "Tutajuaje kama ni kuku?" Akafikiri kidogo, kisha akaenda kuburuta tenga la kufunikia vifaranga. Kesho yake sahani ikashinda chini ya tenga, kuku wakazunguka weee mpaka wakachoka. Jioni maji hayapo. Mtoto akasimama akiwatazama kuku kwa aibu, kama mtu aliyemsingizia jirani wizi.

Basi akasema ni jua. Mtoto wa dada yangu, yeye ana miaka mitano, akabisha: ni upepo! Ubishi ule ulitupa kazi ya siku kadhaa. Tukaweka sahani mbili zenye maji sawasawa, moja juani, nyingine kivulini chini ya mwarobaini. Ya kivulini nayo ilikauka, ila ilichelewa, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Mwisho tukaifunika sahani moja kwa mfuniko wa kioo wa sufuria, tukaiweka juani. Haukupita muda, matone yakajaa upande wa ndani. "Kumbe yanapanda!" binti yangu akasema, akawa anapitisha kiganja juu ya sahani akiyatafuta.

Hapo ndipo nilipompa lile neno. Nikampeleka na kwenye mtungi, aguse ubavu wake wenye unyevu. Maji hupenya kwenye vitundu vidogo vya udongo, na yanapogeuka mvuke huondoka na joto, ndiyo maana yanayobaki ndani hupoa. Nadhani alielewa nusu. Kwa miaka minne, nusu ni nyingi.

Mama mkwe wangu hakupendezwa mwanzoni. "Mwanangu, maji ya kununua kwa dumu ndiyo mnayachezea?" Nilimwelewa, maana amekulia kijijini ambako kiangazi watu hufukua mchanga wa korongo ndipo wapate maji. Tukakubaliana nusu kikombe kwa siku, yakibaki yaende kwenye mchicha. Siku ya mfuniko yeye ndiye aliyeyaona matone kwanza na kuwaita wajukuu.

Vitu vingine vya kuanzia mnavyo jikoni. Koroga unga wa ubuyu kwenye maji, kisha tia kijiko kidogo cha magadi yale tunayopikia mlenda. Povu litapanda, kwa kuwa ubuyu una asidi, na asidi ikikutana na magadi hutoka gesi ya kabonidayoksaidi. Magadi ashike mtu mzima, yanawasha macho. Sumaku kubwa ya spika iliyokufa, ukiipitisha kwenye mchanga, hunasa chembe nyeusi zenye chuma. Watoto wangu walikaa nayo asubuhi nzima. Sumaku ndogondogo msiwape kabisa, maana mtoto akimeza mbili huvutana tumboni na zinaweza kutoboa utumbo. Karanga na kunde pia zichezewe ukiwa hapo hapo, wanapenda kuzitia puani.

Ila naomba wazazi wenzangu, kabla ya lolote kati ya hayo, mwulizeni mtoto anadhani itakuwaje, halafu mwacheni akosee. Kama ningemsahihisha siku ile ya kwanza, tenga lingebaki kwa vifaranga na mimi nisingejua kwamba mwanangu anaweza kubuni njia ya kupima wazo lake.

Sasa ananiuliza maji yakishapanda yanakaa wapi. Sijamjibu. Anasubiri mvua za Desemba, na sahani ya kuweka nje ameshaichagua.