Kabla hujabomoa ukuta Moshi mjini: kwa mnaoanza kazi ya majengo ya zamani

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, najua chuoni mmezoea kuanza na mchoro. Hapa Moshi anzeni na kodi ya pango. Sensa ya 2022 ilihesabu watu takriban 221,000 katika manispaa nzima. Mji wa kiasi hicho hauwezi kujaza ghorofa sita za ofisi kila mtaa, hata kama mteja wako amerudi kutoka Dar na picha za majumba ya vioo kwenye simu. Pita madukani kuzunguka Soko Kuu, uliza wapangaji wanalipa kiasi gani kwa mwezi. Bei ya dalali iache kwanza, hiyo ni ndoto yake. Gawa kwa mita za mraba, kisha toa miezi ambayo chumba kitakaa bila mtu, kodi ya zuio ya asilimia 10, pango la ardhi, kodi ya jengo, mlinzi na maji. Kinachobaki ndicho kitakacholipa benki.

Ukishapiga hesabu hiyo kwa uaminifu, mara nyingi hamu ya kubomoa inapungua yenyewe. Jengo la zamani unaweza kulikarabati kipande kwa kipande: maduka ya mbele kwanza, yakianza kulipa unageukia stoo za nyuma, halafu juu. Ghorofa jipya haliingizi senti mpaka limalizike.

Sasa karatasi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, na mji wa maduka ukakua kuifuata. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Mengine yalibaki kwa familia, taasisi za dini na vyama vya ushirika. Ndiyo maana nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja zinaweza kuwa na wenyewe wawili wasiojuana kabisa, mmoja shirika la umma na mwingine warithi waliotawanyika nchi tatu. Fanya upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati kabla hujala chai ya mteja mara ya pili. Angalia miaka iliyobaki kwenye hati na matumizi yaliyoandikwa. Kama ni makazi na biashara, na wewe unataka hosteli, kuna maombi ya kubadili matumizi ya ardhi ambayo yatakula muda.

Karatasi haikuonyeshi kila anayekula pale. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Simama barazani mwa duka lolote la zamani utamkuta fundi cherehani. Msalimie vizuri, kaa, ndipo uulize.

"Shikamoo mama. Hapa unamlipa nani?"

"Marahaba baba. Namlipa mwenye duka."

"Na yeye?"

"Yeye anamlipa yule mzee aliyempa duka. Huyo mzee ndiye anayejuana na wenye nyumba."

Umeshapata ngazi tatu, na kwenye mkataba wa mteja wako kuna jina moja tu, la yule mzee. Mwenye duka pengine alitoa kilemba kikubwa, yaani pesa ya kupewa nafasi, ili aingie pale, bila risiti. Sheria itamwona hana haki, lakini siku ya kumtoa atakuja na familia nzima, diwani na wakili, na mafundi wako watakaa chini huku wanalipwa. Waandike wote: jina, eneo analotumia, anachomlipa nani. Mwambie mteja atenge fungu la kuwahamisha kwa muda na awape nafasi ya kwanza kurudi, kwa maandishi. Na baraza usiizibe kwa geti la chuma ili upate fremu mbili zaidi. Kivuli kile ndicho kinachomleta mteja dukani saa saba mchana.

Usidhani pia kuna sheria itakayomzuia mwenye nyumba kubomoa kwa sababu tu nyumba ni ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mji wetu wote umejengwa baadaye, hivyo jengo linahitaji kutangazwa rasmi ndipo lilindwe. Boma la Wajerumani la Arusha, la mwaka 1900, limesalimika vizuri kwa kupewa kazi: leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe.

Upande wa ujenzi nitasema machache. Kuta nyingi za mawe zilijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, na hupumua. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani na rangi inabanduka kila masika. Panda darini mwenyewe na tochi, choma miisho ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi pale zinapokalia ukuta, maana mchwa na maji huanzia hapo. Nguzo au ukuta unaobeba usiguswe bila mhandisi aliyesajiliwa, hata kama mpangaji analia kwamba unamziba. Waliofuatilia jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 hawahitaji maelezo zaidi.

Magodauni ya kando ya reli na viwanda vilivyofungwa vina mambo yake. Tazama paa: shiti nene za kijivu zenye mawimbi, zinazovunjika badala ya kupinda, zichukulie kuwa ni asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Usizikate, usizitoboe, usizipige brashi. Nyuzi zake zikiingia mapafuni, ugonjwa unaweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye, na kibarua uliyempandisha juu hatakuwa na pa kukushitaki. Kazi hiyo ni ya watu wenye vifaa, na OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) na NEMC (baraza la mazingira) wajue mapema. Pima udongo pale palipokuwa na transfoma za zamani, karakana au mashimo ya kuchakata ngozi. Mkataba wa ubinafsishaji nao usomwe wote: serikali imeshavirudisha mikononi mwake viwanda ambavyo wanunuzi hawakuviendeleza kama walivyokubaliana.

Godauni lenyewe, likiwa safi, ni rahisi kuliko duka la mjini. Ligawe kwa kuta nyepesi, wapangishe mafundi samani, wasaga nafaka au wafungasha kahawa, na uwaambie TANESCO mapema kama unahitaji umeme wa njia tatu, kwa sababu mpangaji wa mashine hataingia bila huo.

Ratiba ipange kwa mvua. Paa lifunguliwe Juni, masika yakishakwisha, na lifungwe kabla ya vuli ya Novemba. Mteja akichelewesha kibali hadi Septemba, mshauri angoje mwaka unaofuata na aendelee kukusanya pango la maduka ya mbele.