Darasa la pili wanasoma vizuri lakini hadithi ya kuchekesha haiwachekeshi: jibu kwa mwalimu wa Tandahimba

Mwalimu, umeuliza kwa nini watoto wanaimaliza hadithi bila kukwama halafu wanakukodolea macho. Kabla hujailaumu hadithi, sikiliza kasi yao. Anayesoma kwa kukata silabi, "fi-si-a-ka-ja", akifika kwenye nukta, mwanzo wa sentensi umeshamtoka. Kichekesho kinataka mambo mawili yakae kichwani pamoja: anachosema mhusika, na kile msomaji anachokijua tayari. Kwa hiyo siku ya kwanza soma wewe kwa sauti, vitabu vimefungwa. Wao wasome siku ya pili, wawili wawili.

Hadithi iwe fupi, sentensi zisizidi kumi, kichekesho kimoja tu. Vitabu visipotosha, tunga na uandike ubaoni. Kwa huku kwetu Mtwara, kwenye mabibo (matunda ya mkorosho), kitu kama hiki:

"Mabibo ya Bibi yameliwa. Bibi akamwita Fisi. Fisi akaja na kanzu nyeupe, kifuani ina madoa ya kahawia. Akasema, 'Bibi, mimi shambani kwako sijakanyaga. Tena mabibo yako ya mwaka huu yanakereketa!'"

Mtoto wa Tandahimba au Newala anajua kuwa maji ya bibo yakiingia kwenye nguo hayatoki. Ukimletea kichekesho cha theluji itabidi umweleze theluji kwanza, na kichekesho cha kuelezwa kimeshapoa. Maneno magumu yafundishe kabla ya kusoma, mawili matatu, hasa kwa wanaozungumza Kimakonde nyumbani. Hapo juu ningechukua "kukanyaga" na "kukereketa".

Sauti ya Fisi iwe ya mtu anayejiamini kabisa. Walimu wengi humpa sauti ya mwizi, kumbe wameshatoa jibu. Simama kidogo kabla ya "Tena", uliza: "Mnadhani ataongeza nini?" Waache wabishane, kisha malizia.

Swali la kwanza lisiwe "nani alikula mabibo?" Hilo wanajibu hata waliokuwa wanachungulia dirishani. Uliza: "Bibi atajuaje kuwa ni Fisi?" Wengi watataja madoa. Wachache watashtuka: kama hajayala, Fisi amejuaje kuwa yanakereketa? Hapo usidakie. Waache hao wachache wawaeleze wenzao, hata kwa Kimakonde ikibidi, kisha mmoja arudie kwa Kiswahili. Mwalimu akiwahi kueleza, darasa zima litaitikia "ndiyooo" na hutajua nani ameelewa.

Kicheko nacho usikifanye kipimo. Darasa likiwa kubwa, wakicheka watano, waliobaki hufuata, na aliyenyamaza pengine ndiye aliyeelewa. Kipimo ninachokiamini ni kubadilisha kitu kimoja. Mvishe Fisi kanzu safi, ufute na sentensi ya mwisho, uulize kama bado inachekesha. Anayeweza kusema kwa nini haichekeshi tena, huyo ameelewa.

Maneno yenye maana mbili yaache mpaka darasa la tatu. Na hadithi inayochekesha kwa kigugumizi, kilema au umaskini usiilete kabisa, wala usimpe mhusika jina la mtoto wa darasani: jina hilo litamfuata mpaka uwanjani.

Siku ya tatu waandike. Wape mwanzo: "Simba akauliza nani amekunywa uji wake. Fisi, mdomo mweupe kwa uji, akasema..." Wamalizie kwa sentensi moja au mbili, kisha wasomeane. Anayeandika "si mimi" akaishia hapo, mrudishe kwenye hadithi ya mabibo asome tena maneno ya Fisi. Anayeandika "si mimi, tena haukuwa na sukari", mpe hadithi ndefu zaidi.